Kupanga pesa za nyumba kwa giza na mbalamwezi: mwongozo kwa familia ya Tanga isiyo na mshahara

Miongozo mingi ya pesa huanza na maneno "ukipokea mshahara". Huku Sahare ninakoishi, ukihesabu nyumba 20 za mtaa wetu utapata mbili tatu zenye mshahara. Zilizobaki zinakula kwa dagaa, kwa bajaji, kwa cherehani, kwa maandazi na chai ya maziwa ya asubuhi, kwa kibarua cha bandarini. Pesa inaingia, na kuna siku inaingia nyingi, ila haiji tarehe 30.

Mimi nachemsha dagaa. Mume wangu ni baharia wa boti. Na kwa miaka saba nimekuwa katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha wanawake 28, kwa hiyo nimeandika kwa mkono wangu mikopo ya nyumba nyingi. Wiki moja katika kila mwezi wa mwandamo foleni ya wakopaji inakuwa ndefu, na maongezi ni yale yale:

"Katibu, nisaidie laki moja, mbalamwezi imenikalia vibaya."

"Giza hili uliingiza ngapi, shoga?"

"Hata sijui, mwenzangu. Imeingia, imetoka."

Kwa asiye wa pwani: dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa. Penye giza wanaifuata taa, wavu unawazunguka. Mwezi ukishakuwa mpevu bahari nzima ina mwanga, taa haivuti kitu, boti zinakaa ufukweni siku nane hadi kumi. Basi nyumba inachuma siku 20 na inakula siku 30. Siku hizo kumi ndizo zinazozaa deni la dukani, mkopo wa haraka, sufuria kuuzwa kwa bei ya kutupa. Giza likirudi, pesa ya kwanza inakwenda kulipa ya nyuma.

Kama wewe si mtu wa dagaa, nawe una mbalamwezi yako. Fundi cherehani ni mwezi unaofuata Idi. Muuza machungwa ya Muheza ni pale msimu unapokatika. Mwenye bajaji ni siku bajaji inapolala gereji. Itafute ya kwako kwanza, uijue inakuja lini na inakaa siku ngapi, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinasimama juu yake.

Hatua ya kwanza: daftari, kwa mwezi mmoja wa mwandamo

Nunua daftari la shule. Mwezi mmoja mzima, kuanzia mwezi unapoandama mpaka uandame tena, usibadilishe chochote. Andika tu. Kila kilichoingia, kila kilichotoka, pamoja na bando, nauli ya bodaboda na mia mbili ya barafu ya mtoto. Andika siku ile ile, jioni. Ukisema utakumbuka kesho, umeshapoteza theluthi yake.

Huu ni mzigo mmoja kutoka kwenye daftari langu:

Ndoo 3 za dagaa kwa 30,000 kila moja, 90,000. Kuni 7,000. Chumvi 2,000. Mchukuzi 3,000. Msaidizi 5,000. Jumla iliyotoka, 107,000. Siku ya pili jioni nimeuza dagaa wakavu kwa 134,000. Faida, 27,000.

Mnunuzi anapokuhesabia zile 134,000, mkono unahisi laki na thelathini na nne. Unapita sokoni Mgandini ukiwa tajiri. Lakini yako ni 27,000. Zile 107,000 ni za ndoo za kesho kutwa. Wanawake wengi ninaowajua hawajafilisika kwa hasara, wamekula mtaji bila kujua ni mtaji. Kwa hiyo saa ile ile, ukiwa bado umesimama dikoni, gawa. Mimi nina laini mbili za simu. Mtaji unaingia kwenye laini ambayo sinunulii hata vocha. Usiyependa laini mbili, tumia vifuko viwili vya kitambaa, cha mtaji ukifunge fundo. Fundo linakupa muda wa kufikiri.

Mwisho wa mwezi jumlisha. Kwetu giza la kawaida ni mizigo 9 ya faida ya 27,000, yaani 243,000, na fungu la mume wangu kutoka kwenye boti likawa 177,000. Jumla 420,000.

Hatua ya pili: jilipe mshahara wa siku

Chukua ile jumla, gawanya kwa 30. Sisi tulipata 14,000. Hiyo ndiyo posho ya nyumba kwa siku, giza liwepo au lisiwepo. Siku umeshika 40,000, posho ni 14,000. Siku hujashika hata shilingi, posho ni 14,000.

Hapa ndipo watu wanaponikatalia, na nawaelewa, kwa sababu siku ya kuchuma ina shangwe yake. Mume amerudi na samaki mzuri, watoto wanataka soda, mama mkwe amekuja. Lakini angalia hesabu. Katika siku 20 za giza tunaingiza wastani wa 21,000 kwa siku. Tukitumia 14,000 zinabaki 7,000. Mara siku 20 ni 140,000. Siku 10 za mbalamwezi kwa 14,000 ni 140,000. Hakuna muujiza, ni pesa ile ile iliyokuwa ikipita mikononi mwetu, imesogezwa mbele siku chache.

Ukianza na madeni ya nyuma huwezi kuweka 7,000 tangu siku ya kwanza, na ukijilazimisha utavunja ndani ya wiki. Giza la kwanza weka 2,000 kwa siku. La pili 4,000. La tatu fika 7,000. Sisi tulitumia magiza manne, kwa sababu la tatu lilikatwa na msiba.

Zile 14,000 nazo zina mgawanyo. Zetu, kwa watu watano, ni hivi: chakula 8,000, umeme wa Luku, maji na kodi ya nyumba 2,000, misiba na michango 1,000, shule na sikukuu 1,000, akiba 2,000. Usinakili namba zangu. Nakili vifungu, hasa kile cha misiba na michango. Watu wanakiacha nje ya bajeti kana kwamba kualikwa arusi ni ajali. Kwa desturi zetu si ajali, ni gharama ya kila mwezi. Ukiwa na 30,000 zilizotengwa, mchango wa kichenpati unautoa kwa moyo mweupe, na ukifika mwisho wa fungu unasema "nimefikia hapo" bila kugusa chakula cha watoto.

Fanyeni hesabu hii mume na mke pamoja. Siku za mwanzo nilikuwa naficha, nadhani wake wengi tunaficha, na mume naye alikuwa na yake pembeni. Matokeo yake kila mmoja alikuwa anadhani mwenzake ana akiba. Siku tulipoweka vyote mezani tuligundua hakuna mwenye kitu.

Hatua ya tatu: mfuko wa masika

Mbalamwezi unaijua tarehe. Masika huijui ukubwa. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, dagaa hawakauki. Unachemsha leo, kesho wananuka, unauzia wafuga kuku kwa bei ya hasara. Masika yakiisha kusi inavuma, na boti ndogo zinachagua siku za kutoka. Kwetu mimi hukadiria miezi miwili ya mwandamo yenye nusu ya kipato, yaani pungufu ya 210,000 mara mbili, 420,000. Akiba ya 2,000 kwa siku inatoa 60,000 kwa mwezi. Magiza saba yanatosha kuujaza mfuko.

Mpaka mfuko huu ujae, usinunue hisa, usinunue kiwanja, usimkopeshe shemeji. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakiuza kiwanja cha milioni tatu kwa milioni moja na nusu mwezi wa tano, kwa ajili ya laki nne tu.

Pesa hii ikae wapi? Kibubu kinafaa kwa wiki, hakifai kwa miezi: kinaibwa, kinaungua, na watoto wanajua kilipo. Kwenye simu ni salama zaidi, ila kila ukitoa kuna makato, basi toa mara moja kwa wiki, usitoe kidogo kidogo kila siku. Kiasi kikishafika laki moja na zaidi, benki au mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao nitaueleza chini. Amana za benki zinalindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa mwenye amana katika benki moja. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 1.5. Kikoba chenu hakimo kwenye kinga hiyo.

Halafu kuna jambo nataka ulitazame kwenye kalenda. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, mwaka 2029 katikati ya Januari, mwaka 2030 siku za mwanzo kabisa za Januari. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya chakula vipo. Kwa miaka kadhaa mfululizo futari, nguo za Idi na sare za shule vitagombania mfuko mmoja. Ndiyo maana fungu la "shule na sikukuu" ni la kila siku mwaka mzima: 1,000 kwa siku 354 za mwaka wa mwandamo ni 354,000. Sare nunua Oktoba au Novemba, wakati kila mtu hajaanza kuzitafuta. Nguo za Idi mpe fundi kitambaa mwezi wa Rajabu.

Hatua ya nne: madeni, kuanzia lenye meno makali

Mwaka mmoja kijana wangu alitakiwa aripoti shule ya bweni, nami nilikuwa nimekwama katikati ya mbalamwezi. Nikaenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu. Nikapewa 200,000, marejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Nilisaini kwa haraka kwa sababu 10,000 ilionekana ndogo.

Hebu tuikague. Jumla ni 260,000, riba 60,000, sawa na asilimia 30 kwa muda usiofika mwezi. Na hata hiyo inaficha ukweli. Siku ya 13 nilikuwa nimesharudisha 130,000, mkononi mwangu zimebaki 70,000 zao, lakini riba niliendelea kulipia zile laki mbili nzima. Kwa wastani nilikaa na pesa yao kama laki moja tu kwa siku hizo. Yaani laki moja kwa riba ya 60,000. Hakuna dagaa wala biashara yoyote mtaani kwetu inayozaa hivyo. Nililipa mpaka mwisho, na siku tatu niliwalipa kwa mtaji wa ndoo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma hawa katika madaraja manne, na wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea amana, Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni 7,000. Linganisha na 60,000. Kabla ya kusaini, omba kuona leseni na uandikiwe jumla utakayolipa, tozo zote zikiwemo. Anayekataa kuandika jumla, ondoka. Vivyo hivyo kwa mikopo ya programu za simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Hao ndio wanaowatumia ujumbe ndugu na majirani zako kukudhalilisha ukichelewa.

Kama tayari una madeni kadhaa, yaandike yote kwenye ukurasa mmoja: nani, kiasi kilichobaki, riba kwa mwezi, na kama kuna dhamana. Lipa kiwango cha chini kwa kila mmoja, halafu kila shilingi ya ziada ipeleke kwa mwenye riba kubwa mpaka aishe. Deni la dukani halina riba, lakini nenda kaongee na mwenye duka umweleze utampa kiasi gani kila wiki. Usimkimbie, maana duka lile ndilo litakalokukopesha unga siku mtoto anaumwa. Kukopa kikobani kwa asilimia chache ili kufuta kausha damu ni hesabu nzuri, ila kwa sharti moja: hurudi tena kule.

Hatua ya tano: kikoba na mchezo

Mchezo ni rahisi: watu kumi, kila mmoja 10,000 kwa wiki, mmoja anachukua laki. Haukuzi pesa, unakulazimisha kuikusanya, na hilo tu lina thamani kubwa. Omba zamu inayoangukia gharama unayoijua. Zamu ya Novemba inafaa sare kuliko zamu ya Februari.

Kikoba kinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu wanakisifia faida bila kuuliza inatoka wapi. Inatoka kwenye riba ya mikopo ya wanachama wenyewe. Mwanachama akikopa 100,000 akarudisha 110,000, ile 10,000 ndiyo itakayogawanywa siku ya kuvunja sanduku. Kwa hiyo anayeweka tu anavuna, anayekopa kila mwezi analipia mavuno ya wenzake, na anayekopa sawa na wengine wote anarudishiwa pesa yake mwenyewe huku akishangilia. Kopa kikobani kwa kitu kinachozaa kuliko riba yake, au kwa dharura. Usikopee kapeti.

Kabla ya kujiunga, hudhuria kikao kimoja kama mgeni. Angalia kama pesa zinahesabiwa mbele ya wote na kama sanduku lina kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti. Angalia kama katibu anasoma salio kwa sauti na kama mkopo wa mwenyekiti unaandikwa kama wa mtu mwingine. Muulize mwanachama wa pembeni, si kiongozi, mara ya mwisho waligawana lini. Nami nasema kama katibu: kikundi ambacho katibu anakasirika akiulizwa hesabu, kiache.

Kisajilini. Vikundi vya kijamii ni daraja la nne katika ile sheria ya 2018, na usajili unafanyika halmashauri, kwetu ni Jiji la Tanga. Usajili unafungua pia mlango wa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Hatua ya sita: sasa pesa ifanye kazi

Mfuko wa masika umejaa, kausha damu imeisha, una 60,000 kila mwezi isiyo na kazi. Shilingi iliyolala inapungua nguvu. Hata mwaka wenye mfumuko mdogo wa bei, kama wa asilimia 3, laki moja yako inanunua pungufu kila mwaka.

Anza na biashara uliyo nayo. Nilikuwa naanika dagaa chini, juu ya nyavu. Nikatengeneza chanja ya miti na wavu kwa 120,000. Dagaa wa chanjani hawana mchanga, wanakauka haraka, mnunuzi anaongeza; mimi niliongezewa kama 8,000 kwa mzigo wa ndoo tatu. Mizigo 15, chanja ikawa imejilipa, na ya 16 kuendelea ni yangu. Hakuna benki itakayokupa hivyo. Kabla hujatazama mbali, jiulize ni kitu gani katika kazi yako kinakula faida kila siku: kuni za kununua kidogo kidogo, bajaji ya kukodi, cherehani ya kuazima.

Kikishapatikana hicho, nenda kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja. UTT AMIS ni taasisi ya serikali inayokusanya pesa za watu wengi, wataalamu wanaziweka kwenye hatifungani, amana na hisa, na wewe unamiliki vipande. Mfuko wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Kwa mtu anayeanza mimi naupendekeza ule wa Ukwasi: unaanza na 100,000, unaongeza kuanzia 10,000, na ukitaka pesa yako unaipata ndani ya siku tatu za kazi. Thamani ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi. Ukiwa na namba ya NIDA na simu, kujiunga si kazi ngumu. Kumbuka tu kwamba faida haina ahadi.

Hatifungani ni wewe kumkopesha mwenye mradi au serikali. Tunao mfano wa nyumbani kabisa. Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili kwa mwaka. Mwenye milioni moja ndani yake anapata 135,000 kwa mwaka, kwa mafungu ya 67,500, mbali na mtaji wake anaorudishiwa. Iliuzwa yote na imeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo anayeitaka leo anainunua kwa aliyeiweka sokoni, na bei inaweza kuwa juu au chini ya ile ya mwanzo. Hatifungani za serikali hununuliwa kupitia Benki Kuu, kuanzia milioni moja, kwa miaka 2 hadi 25. Pesa ya ada ya mwakani usiiweke huko.

Kwa wenzangu Waislamu, na Tanga tuko wengi: hatifungani yenye riba ni riba, jina lisikuchanganye. Zipo huduma za benki zinazoendeshwa kwa sharia, Amana Bank tangu 2011 na madirisha maalum katika benki nyingine, ambako amana inakaa kwa mudharaba, yaani mnagawana faida kwa uwiano mliokubaliana badala ya riba iliyopangwa. Hisa za kampuni halali nazo ni ushirika katika biashara. Na kikoba kinaweza kuandika katiba isiyo na riba: mnanunua bidhaa kwa jumla, mchele au mafuta, mnawauzia wanachama kwa faida inayojulikana. Muulize shekhe wako, tena umpelekee maelezo kwa maandishi.

Hisa ni kumiliki kipande cha kampuni. Kiwanda cha saruji cha Pongwe unachokipita ukienda Muheza, Tanga Cement, kimeorodheshwa sokoni tangu 2002. Bei zinapanda na kushuka, na mifano ipo pande zote mbili: hisa ya NMB iliuzwa kwa umma kwa 600 mwaka 2008 na kufikia 2024 ilikuwa imepita 5,000, ya Vodacom iliuzwa 850 mwaka 2017, na miaka iliyofuata ikashuka chini ya hapo. Unanunua kupitia dalali mwenye leseni au programu ya simu ya soko, Hisa Kiganjani. Weka kiasi ambacho hata kikikaa miaka mitano hukigusi.

Dhahabu wanawake wa pwani tunaijua. Ni akiba nzuri ya kimya kimya, ila ukinunua bangili unalipia ufundi, na ukiuza hulipwi ufundi, unalipwa uzito. Chagua kitu chenye nakshi kidogo na uhifadhi risiti. Kiwanja kina mambo mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Angalau nenda serikali ya mtaa, ongea na majirani wa pande zote nne, na hakiki ofisi ya ardhi ya jiji kabla ya kutoa hata arubuni. Waliolipwa fidia ya ardhi kwa mkupuo nawaombea jambo moja: iache pesa benki miezi mitatu kabla ya uamuzi wowote.

Hatua ya saba: swali la kumuuliza kila mwenye ofa

Mwaka 2009 nchi nzima ilikuwa ikipanda mbegu DECI, yaani kuweka pesa kwenye mpango ulioahidi kuzizidisha. Unapanda, unavuna mara mbili au tatu, mpaka serikali ilipoisimamisha na watu wakabaki na risiti. Tangu hapo imekuja kwa majina mengi: kutazama matangazo kwenye simu, sarafu za mtandaoni, kundi la WhatsApp lenye "mwalimu" wa kuzidisha pesa. Swali ni moja: hii faida inatoka wapi? Kwenye kikoba najua, ni riba ya mkopaji fulani. Kwenye dagaa najua, ni mnunuzi. Jibu likiwa "ukileta watu watatu", ni upatu, na upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai. Anayekusanya pesa za umma kuwekeza lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au ya Benki Kuu kama anapokea amana. Piga simu uulize. Na usihamishe pesa siku ile ile uliyoambiwa, hata anayekuambia akiwa ni dada yako wa tumbo moja.

Hatua ya nane: nani nyumbani anajua

Nimehudhuria matanga ambayo mjane hakujua mumewe ana akaunti ngapi, na moja ambayo watoto walikuta ujumbe wa vipande vya UTT kwenye simu bila kujua ni nini. Andika ukurasa mmoja: benki gani, mfuko gani, kikoba kipi na hisa ngapi, nani unamdai, nani anakudai. Namba za siri usiandike. Kwenye kila fomu jaza jina la mrithi, na ulibadilishe ukioa, ukiachika au ukifiwa. Pesa ikishakuwa ya marehemu, kwa kawaida benki hudai barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na mwenye karatasi kamili hupita njia hiyo kwa wepesi zaidi.

Ukurasa wangu uko ndani ya bahasha ya kaki, nyuma ya kabati la vyombo. Mume wangu anajua, na binti yangu mkubwa anajua. Kila mwezi ukiandama, kabla ya ndoo ya kwanza, naitoa bahasha, nabadilisha salio kwa penseli, naandika tarehe, narudisha.